MREJESHO: Silikoni ya kalibu imeganda, mchawi alikuwa glavu

Habari wakuu, niliahidi mrejesho. Kwa waliokosa: natengeneza sabuni za mawese hapa Ujiji. Niliuliza kwa nini silikoni ya kalibu, ile inayoganda kwa kichocheo cha platinamu, ilibaki inanata siku mbili nzima. Pia niliuliza kama kinachofanya kazi humo ni chembe za platinamu au platinamu iliyoyeyuka humo, yaani atomi mojamoja.

Mmoja wenu alisema salfa ya kwenye glavu za mpira huing'ang'ania platinamu na kuilemaza. Sikumwamini. Nikamimina kidogo kwenye vizibo viwili vya chupa ya maji, kimoja nikatumbukiza kipande cha kidole cha glavu ya mpira. Jioni kizibo safi ukibonyeza kwa kucha kinarudi kama ndala mpya. Cha pili pembeni kimeganda, kuzunguka mpira ni uji mtupu. Samahani sana kaka, ulikuwa sahihi.

Kwenye swali la pili, aliyejibu "chembe" yuko na wakubwa: mkemia Larry Lewis wa General Electric naye mwaka 1986 aliamini ni koloidi, yaani chembe ndogo sana za platinamu zilizotawanyika. Ila mwaka 1999 yeye na wenzake walichunguza kwa eksirei mmenyuko wa kemikali wenyewe ukiwa unaendelea, wakakuta atomi mojamoja za platinamu zimeshikana na atomi za silikoni (elementi, si ule mpira) na kaboni. Koloidi huja mwishoni, hasa hidrosilani (kiambato chenye hidrojeni iliyoshikana na elementi ya silikoni) ikizidi. Mtu kujisahihisha mwenyewe hivyo, nimempenda.

Kesho namimina kalibu ya vipande kumi na viwili, na glavu za vinili.