Kutambua maji yenye kamba wa maji baridi kabla ya kutega: mnaangalia nini?

Mtegaji Mpya
Wakuu, salaam. Nawaulizia hawa kamba wa maji baridi wenye magando. Madema ninayo sita, ya waya, matundu milimita 19. Shida ni kuchagua maji. Kuna bwawa kubwa lenye kina na samaki wengi, kuna mfereji wa kumwagilia mashamba, na kuna kidimbwi kinachokauka karibu kila mwaka. Nianzie wapi, na nitajuaje kama wapo kabla sijapoteza usiku mzima?

Mzee wa Matope
Anza na kidimbwi, mkuu. Wengi hukipita kwa sababu ya udogo wake, na hapo ndipo wanapokosea. Kamba wekundu wa kinamasi, wenye asili ya kusini mwa Marekani na kaskazini mwa Meksiko, maji yakipungua huchimba shimo wakakaa kwenye unyevu mpaka maji yarudi. Samaki wengi hawaliwezi hilo. Kwa hiyo mvua ikijaza kidimbwi, kamba wachanga wanakua bila wa kuwameza. Kwenye bwawa lako la samaki wakubwa, wachanga wengi huliwa kabla hawajafikia ukubwa wa kubaki kwenye dema.

Kwanza zunguka ukingo mchana, taratibu. Tafuta vibomba vya matope vilivyosimama, vimejengwa kwa vidonge vya udongo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na tundu katikati. Kidonge cha juu kikiwa bado kimelowa, mwenyewe yumo. Kikiwa kimekauka na kupasuka, usikitegemee, huenda ni cha msimu uliopita. Angalia pia magamba waliyojivua: mepesi, yanapitisha mwanga, magando yake kamili. Vipande vya magando juu ya jiwe maana yake ndege au fisi maji wamekula hapo, na wao hawahangaiki na maji matupu. Ukitaka uhakika zaidi, rudi na tochi saa moja au mbili baada ya giza kuingia, umulike kwenye kina kifupi. Macho yao huakisi mwanga.

Chubwi na Boya
Naongezea upande wa maji yenyewe. Chota tope la chini, ulinuse. Likiwa jeusi na linanuka yai viza, hapo chini hakuna oksijeni. Sogea penye mawe, mizizi au majani ya majini. Pima na pH, yaani kiwango cha uchachu wa maji. Ikishuka chini ya 6, kamba wanapata taabu kujenga gamba jipya, maana hukosa chokaa. Kama huna kipimo, angalia konokono: wakiwa wengi na magamba magumu, chokaa ipo.

Huo mfereji usiuguse kabla hujajua mashamba ya juu yanapuliziwa nini. Dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi huua kamba hata zikiwa kidogo mno. Na maji yanayopokea taka za viwanda au migodi yaache kabisa hata kama kamba wamejaa, kwa sababu metali nzito hujikusanya mwilini mwao, hasa kwenye ini lile la manjano ambalo watu hulipenda.

Mtegaji Mpya
Asanteni sana. Nikishaona dalili, nitege vipi usiku wa kwanza ili jibu liwe la kuaminika?

Dema Sita
Panga madema kando ya ukingo, mita 10 kutoka moja hadi jingine, kina cha nusu mita hadi mita moja na nusu. Yasiwe yote mahali pa aina moja: mawili kwenye majani, mawili kwenye mizizi, mawili penye mawe. Chambo ni samaki wenye mafuta, gramu 150 kila dema. Penye mkondo, mdomo uelekee maji yanakokwenda, kwa kuwa kamba hupanda wakifuata harufu. Maji yakiwa ya moto na yametulia, tumia dema lenye shingo inayochomoza juu, wapate hewa. Likizama lote utakuta wamekufa.

Tega jioni, tegua asubuhi. Chambo kikiisha, wanatafuta njia ya kutoka.

Kisha soma dema lenyewe. Chambo kimeguguniwa mpaka mifupa na dema ni tupu? Mdomo ni mpana, ubane hadi sentimita 5. Chambo hakijaguswa? Pima joto: chini ya nyuzi 10 karibu hawatembei. Kama joto ni zuri, huenda wengi wanajivua magamba, na wakati huo hawali. Rudia baada ya wiki mbili kabla hujayakataa maji hayo.

Na tafadhali, kabla ya yote uliza idara ya uvuvi kuhusu kibali, aina inayoruhusiwa na namna ya kuwazuia fisi maji wasizame ndani ya dema. Usihamishe kamba hai kutoka maji haya kwenda mengine. Ukihama wewe, osha madema na viatu, uvianike mpaka vikauke kabisa hadi kwenye maungio ya waya, maana vimelea vya tauni ya kamba husafiri kwenye unyevu huohuo.