Bei ya kifurushi cha majarida imepanda tena, tunajadiliana vipi?

Mkutubi_ThikaRoad

Wadau, hamjambo. Nasimamia maktaba ya chuo kidogo cha binafsi upande wa Thika Road. Kozi zetu kubwa ni uuguzi, biashara na ualimu. Tunalipia kifurushi cha majarida ya kielektroniki kutoka kwa mchapishaji wa ng'ambo ambaye simtaji, maana mkataba unakataza kutoboa bei. Sasa wakala wake ameleta ankara ya mwaka ujao. Imepanda, na ni kwa dola. Mhasibu mkuu kaitazama, akauliza, "Kwani hawa watoto huwa wanayasoma?" Mwalimu wa uuguzi naye anasema nikiyakata, wanafunzi wa shahada ya pili watakwama. Kuna aliyewahi kumshusha mtu bei? Mnaanzia wapi?

Mzee_Katalogi

Usilipe bado. Na mambo ya simu acha, kila neno liwe kwenye barua pepe.

Hiyo ankara ndipo wakala anapoanzia, sipo anapoishia. Vifurushi hivi vilipoanza miaka ya 1990, bei ilipangwa kwa kutazama chuo kilikuwa kikilipa nini, kisha inaongezwa asilimia fulani kila mwaka. Wengine hupiga hesabu kwa idadi ya wanafunzi. Kama wako ni wa namna hiyo, muulize ametumia idadi gani na ameitoa wapi. Mahali nilipofanya kazi kabla ya kustaafu, tulihesabiwa hadi wanafunzi wa cheti wa jioni na wa tawi lililokwisha kufungwa. Tulipeleka orodha ya ofisi ya msajili, bei ikashuka kabla hatujatamka neno punguzo.

Halafu omba ripoti za COUNTER, yaani takwimu za kawaida za jinsi kila jarida linavyotumika. Ni haki yako na wakala anazijua, asikuambie zinachukua muda. Panga majarida kuanzia yanayopakuliwa sana hadi yasiyoguswa. Utakuta machache yanabeba mzigo wote, chini yake safu ndefu ya sifuri. Gawanya bei yote kwa makala zilizopakuliwa, upate gharama ya makala moja. Hiyo ndiyo namba ya kumpelekea mhasibu wako. Pia kuna ripoti ya waliobisha hodi wakanyimwa kwa kuwa chuo hakijalipia jarida hilo. Wengi hawaifungui, na mimi naona ndiyo yenye maneno zaidi.

Dkt_wa_Kahawa

Mzee, heshima yako, lakini hizo sifuri zitamponza. Mimi nafundisha. Wanafunzi wangu wanasoma usiku wakiwa Githurai na Zimmerman, kwa bando za simu. Majarida yanafunguka kwenye mtandao wa chuo tu, na akiwa nyumbani anaambiwa alipe. Anamwomba rafiki aliye chuo kingine amtumie PDF, na kwenye ripoti yenu hayupo kabisa. Mkitumia takwimu hizo kukata, mtakata kitu ambacho hamkuwahi kumfungulia.

Mzee_Katalogi

Daktari, hapo umenishika. Mwenzangu, kabla ya kupiga hesabu yoyote, hakikisha wanafunzi wanaweza kuingia wakiwa nje ya chuo. Vyuo vingi hapa nchini vinatumia mifumo ya kuingilia mbali kama RemoteXs au MyLOFT. Kama kwenu haipo, au ipo na nenosiri halifanyi kazi, ripoti ya mwaka huu haikusaidii sana.

Karani_wa_Ununuzi

Swali la kijinga: kwani mnajadiliana peke yenu? KLISC, muungano wa maktaba za Kenya, ipo tangu 2003, na kazi yake ni hiyo hiyo, maktaba kuchanga pamoja na kuongea na wachapishaji kwa sauti moja, ikishirikiana na EIFL, shirika la kimataifa linalosaidia maktaba.

Mkutubi_ThikaRoad

Sisi ni wanachama, ila kifurushi hiki tulisaini wenyewe zamani, kabla sijaajiriwa.

Mzee_Katalogi

Basi waulize KLISC kama mchapishaji huyo wanaye tayari. Ukiwa peke yako anakuona mteja mdogo ambaye hata akiondoka hatamuumiza.

Na usione aibu kusema hatuwezi. Harvard, na utajiri wake, mwaka 2012 iliwaambia walimu wake kwamba majarida yanakaribia dola milioni 3.75 kwa mwaka na mambo hayawezi kuendelea hivyo. Chuo Kikuu cha California kiliachana na Elsevier, mchapishaji mkubwa wa majarida, Februari 2019, mkataba mpya ukaja Machi 2021. Sisi hatuna ubavu huo, sawa. Ila wakala anajua habari hizo kuliko wewe, na akijua kwamba nawe unazijua, lugha inabadilika.

Kwa upande wa uuguzi, usilipie makala kabla hujaulizia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani na wachapishaji ulioanza 2002, kama chuo chenu kinastahili. Chukua yale majarida yanayosomwa sana, uyapitishe kwenye Unpaywall (hutafuta nakala za bure za makala) na PubMed Central (hazina ya bure ya makala za afya) uone kiasi gani kinapatikana bure. Majarida ya Afrika yako kwenye tovuti ya AJOL, mengi hayadai senti.

Kwenye mkataba wenyewe mimi ningepigania mawili zaidi ya bei. Moja ni kikomo cha nyongeza ya kila mwaka. Maana juu ya nyongeza hiyo, dola nayo hupanda: mnakumbuka Januari 2024 ilipokaribia shilingi 160? Baadaye mwaka huo huo ikarudi kwenye 129 hivi, lakini aliyelipa Januari alikuwa amelipa. Pili, miaka uliyokwisha kulipia ibaki yako hata ukiondoka. Bila hivyo umepanga nyumba, hujanunua. Na hicho kifungu cha siri kiondoe, hakimsaidii yeyote upande wetu.

Mkutubi_ThikaRoad

Asante Mzee, asante Daktari. Nimeomba ripoti, na msajili amenipa orodha. Wakala ametuhesabia pamoja na waliohitimu! Anakuja Jumatano, amesema ataleta keki.

Mzee_Katalogi

Keki kula, usisaini chochote siku hiyo. Na kabla hajafika, tafuta kwenye mkataba wa zamani tarehe ya mwisho ya kutoa notisi. Mikataba mingine hujirefusha yenyewe usipoandika mapema.