Grini tatu zimekaa chini ya barafu zaidi ya miezi miwili: nianze na lipi?

FundiNyasi (Minnesota, Marekani)

Habari zenu ndugu. Huu ni msimu wangu wa pili nikitunza uwanja wa gofu wenye mashimo 9 hapa Minnesota, na safari hii meneja ameniachia grini nne, yaani zile sehemu za nyasi fupi sana zenye shimo la mpira, niziandae mwenyewe kabla ya majira ya machipuko. Mwishoni mwa Desemba mvua ilinyesha juu ya theluji, usiku uleule baridi ikakaza, na tangu hapo grini tatu zilizo bondeni zikafunikwa na barafu ngumu iliyoshikamana na nyasi. Tulipoivunja wiki iliyopita ilikuwa imekaa siku 68. Chini yake ilitoka harufu kali ya uchachu, kama ya mihogo iliyolowekwa ikasahauliwa, na majani mengine ni ya kijani ilhali mengine yamekuwa na rangi ya majani makavu. Grini ya nne, iliyo mlimani, haikupata barafu, lakini ina mabaka ya mviringo ya kijivu. Wanachama wameanza kuuliza watacheza lini. Nilikuwa nafikiria kumwaga mbegu na mbolea mara moja. Naomba ushauri wenu.

MzeeReki

Kijana, usimwage chochote kwanza. Rangi ya majani wakati huu inadanganya, kwa sababu nyasi iliyokufa chini ya barafu huweza kubaki ya kijani siku kadhaa baada ya kufunuliwa, kisha ikageuka kahawia ghafla ukadhani ni wewe uliyeiharibu. Chukua kile kikatio cha kutobolea mashimo ya bendera, toa vipande viwili au vitatu kila grini, kimoja mahali palipoinuka na kingine mahali maji yanapotuama, uvitie kwenye makopo na kuviweka dirishani penye jua ndani ya nyumba. Vimwagilie kidogo tu. Baada ya siku kumi hivi utajua kilicho hai na kilichokufa, na hapo ndipo utakapokuwa na la kumwambia meneja.

Jambo la pili ni kujua una nyasi gani. Viwanja vikongwe vya huko huwa na mchanganyiko wa Agrostis, ile nyasi tambazi iliyopandwa, na Poa annua iliyojiotea yenyewe. (Jina hilo kwa Mswahili ni mzaha, maana kupoa ndiko kunakoiua.) Poa huanza kufa ikikaa chini ya barafu siku 45 hadi 60, wakati Agrostis huweza kuvumilia hadi siku 90 na zaidi. Kwa siku zako 68, mimi ningetarajia grini zenye madoa: Poa imekwenda, Agrostis imebaki. Harufu hiyo uliyoisikia ni ya hewa chafu iliyofungiwa humo, kwani mimea na vijidudu vya udongo viliendelea kupumua huku oksijeni haiingii.

DadaWaOntario

Nakubaliana na Mzee, ila naomba niongeze kwamba hatari bado haijapita. Nyasi inapoanza kuamka, kitako chake, yaani pale mizizi inapokutana na majani, hunywa maji mengi. Mchana jua likiyeyusha theluji na usiku baridi ikarudi kwa nguvu, maji yale huganda ndani ya kitako na kukipasua. Kwangu mimi huko ndiko kunakoua grini nyingi kuliko barafu yenyewe. Kwa hiyo kazi yako ya leo ni koleo: fungua mifereji kwenye kingo za grini ili maji ya theluji yatoke, hata kama ni kuchimba kwenye theluji iliyosukumwa pembeni ikawa ukuta.

Kuhusu mabaka ya kijivu, hiyo ni kuvu ya theluji. Inama uangalie majani kwa karibu: ukiona chembe ndogo za kahawia au nyeusi, mfano wa mbegu za mchicha, basi ni ile ya kijivu, ambayo husimama yenyewe mahali pakikauka na mara nyingi huacha kitako kikiwa hai. Pitisha reki nyepesi kuyainua majani yaliyolala, hewa ipite. Kama mabaka yana ukingo wa rangi ya waridi na hakuna chembe, hiyo ni aina nyingine, inayoendelea kushambulia wakati wa baridi yenye unyevu hata bila theluji, na hapo zungumza na meneja juu ya dawa.

PampuKwanza

Msisahau maji. Mabomba yalitolewa maji kwa hewa ya kompresa kabla ya majira ya baridi, kwa hiyo sasa yamejaa hewa. Ukiwasha pampu kwa nguvu zote, hewa ile husukumwa mbele ya maji na kupasua viungo. Jaza polepole kwa shinikizo dogo, ukiwa umefungua vinyunyizio vya sehemu za juu kabisa hadi vitoe maji bila kutema hewa. Na mashine nzito zisipite mahali ambapo ardhi imelainika sentimita chache tu juu huku chini bado ni jiwe, kwa maana mizizi hukatika.

FundiNyasi

Narudi na majibu, siku ya kumi na moja. Kopo la mlimani limechipua lote. Makopo ya bondeni yamenishangaza: vipande vya kingoni vina machipukizi meupe yanayogeuka kijani, lakini vya katikati, penye bonde dogo, nimevibonyeza kitako kwa kucha na vimetoka laini na vya kahawia kama mboga iliyooza. Meneja ameviona na amekubali kuweka grini za muda mbele ya zile tatu. Je, mbegu sasa?

MzeeReki

Pima joto la udongo kwanza. Mbegu ya Agrostis haina haraka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, nawe ukiitia mapema utakuwa unalisha ndege. Likifika hapo, chana mistari midogo ili mbegu iguse udongo, tia gramu 5 hivi kwa mita ya mraba, nyunyiza mchanga kiasi, kisha funika kwa turubai linalopitisha hewa. Lifunue siku za jua kali. Mbolea iwe kidogo kidogo. Na sehemu hizo zisipigwe dawa ya kuzuia magugu kuota, kwani haitabagua magugu na mbegu zako. Grini ya mlimani ikate mara ya kwanza juu kidogo ya kimo cha kawaida, wacheze huko.