Dìdi (2024): kwa nini Chris anamkimbia kila anayempenda?

MtuWaMuvi_Tabata

Wakuu habari zenu. Jana usiku nimemaliza kucheki Dìdi, ile muvi ya Sean Wang, na kuna kitu kinanisumbua mpaka sasa hivi naomba tujadili na walioiona. Ambaye bado hajaiona aruke huu uzi maana nitamwaga kila kitu.

Kwa ambao mmesahau, ni kiangazi cha 2008, mji wa Fremont kule California, dogo anaitwa Chris ana miaka 13 na anakaribia kuanza sekondari. Kwao ni Wataiwani. Baba yuko Taiwan kikazi, nyumbani kuna mama, kuna bibi, na kuna dada yake Vivian anayejiandaa kwenda chuo ambaye wanagombana naye kutwa nzima. Dogo ana marafiki zake wa mtaani kina Fahad na Soup, kuna binti anaitwa Madi anampenda, afu katikati anakutana na vijana wakubwa kidogo wanaocheza skeiti anajifanya yeye ndo mpiga picha wao.

Sasa swali langu. Kila mtu anayemsogelea huyu dogo kwa wema anamkimbia. Madi anatoka naye vizuri tu, baadaye dogo anambloki. Fahad ambaye wamekua pamoja, wanaachana bila hata ugomvi wa maana. Mama yake ndo kabisa, dogo anamfokea mpaka anatoroka nyumbani. Na mwisho wa muvi karibu hakuna kinachorekebishwa, Fahad na yeye hawakai chini wakayamaliza. Hivi hii ni makusudi au mwandishi aliishiwa? Mimi muvi imenigusa sana ila nimebaki nayo kifuani.

fundi_kamera

Mkuu ni makusudi kabisa, na ushahidi uko kwenye skrini ya kompyuta yake. Rudia zile sehemu anachati kwenye AIM, ile programu ya kuchati ya enzi hizo, usiangalie anachotuma, angalia anachofuta. Anaandika sentensi nzima ya kueleweka, anasita, ile alama ya kuandikia inawaka inazima inawaka inazima, afu anafuta yote na anatuma kineno kimoja ili asionekane anajali. Dairekta anakuacha hapo unamsubiri na wewe, hakuna muziki wa kukuambia ujisikieje. Mimi nafanya kazi ya kuhariri video na nakwambia kuacha picha ya maandishi tu kwa muda ule inataka roho ngumu, wengi wangekata haraka waende kwenye uso wa dogo.

Kwa hiyo tabia ya Chris ni hiyohiyo moja: kufuta. Anafuta meseji, anafuta video zake za zamani YouTube zile alizopiga na washkaji kwa sababu sasa anaziona za kitoto, anambloki Madi. 2008 mtoto wa miaka 13 tayari alikuwa na kitufe cha kumuondoa mtu maishani bila kumuangalia machoni. YouTube ilikuwa na miaka mitatu tu, Facebook ilikuwa imefunguliwa kwa watu wote mwishoni mwa 2006, MySpace, mtandao wa kijamii wa enzi hizo, bado ina nguvu. Kizazi kabla yao ukigombana na mtu wa mtaani kwenu kesho utakutana naye dukani utake usitake, mtayamaliza au mtapigana basi. Hawa waliweza kukaa kimya, na ndo maana Fahad na Chris hawana ugomvi wa maana kama ulivyosema. Haukuhitajika.

Kuna kitu kingine walioanza intaneti juzi hawatakielewa. MySpace ilikuwa na orodha ya marafiki wanane unawapanga mwenyewe na dunia nzima inaiona. Yaani ukitolewa kwenye ile nane huambiwi, unakuta tu haupo. Mtoto anasoma urafiki wake wote pale.

Msukuma_Halisi

Uzi mzuri. Mimi sikubaliani kwamba ni mambo ya kompyuta tu. Dogo ana aibu. Na aibu yenyewe amepewa, hajazaliwa nayo.

Kumbukeni ile sentensi ya Madi, anamwambia yeye ni mzuri kwa kulinganisha na Waasia. Binti anasema kwa upole kabisa anatabasamu na anaona amemsifia. Ndo mbaya zaidi, maana tusi la adui unarudisha, hili utalirudisha vipi? Chris anacheka kidogo analimeza. Afu baadaye akiwa na wale vijana wa skeiti anawaambia yeye ni chotara, nusu tu ndo Mwasia. Hakuna aliyemlazimisha. Hayo mambo mawili yanaongea, mtu akikwambia uko sawa ila kwa kipimo cha watu wenu, wewe unaanza kutafuta namna ya kupunguza huo uwatu-wenu. Na akishasema ule uongo basi mama yake mwenyewe anakuwa hatari kwake, akitokea tu na sura yake na lafudhi yake uongo umekwisha.

Na tena Fremont siyo mji ambao Mwasia ni mgeni, wamejaa, marafiki zake wengi ni watoto wa wahamiaji kama yeye, tuisheni wanakwenda wote, mama zao wanashindana nani mtoto wake ana akili. Lakini aibu inampata hukohuko. Hicho ndo kilichonishangaza kwenye muvi hii, zingine za aina hii huwa wanamuweka mtoto mmoja peke yake kwenye shule ya Wazungu, hapa yuko kwao kabisa na bado anajiona amepungukiwa.

shangazi_wa_Kisauni

Salaam aleikum wanangu. Mimi niliitazama na binti yangu wa kidato cha pili na nataka kuwaambia mnamuangalia sana huyo mtoto mnamsahau mama.

Yule mama, Chungsing, hebu mtazameni vizuri. Mume yuko ng'ambo. Mama mkwe yuko ndani ya nyumba yake na kazi yake ni kukosoa, mtoto hajala vizuri ni yeye, mtoto amekuwa na adabu mbaya ni yeye, kila kitu yeye, na yule mama hawezi kumjibu mkwewe kwa sauti kwa hiyo anameza. Anachora picha za rangi, alikuwa na ndoto ya kuwa msanii, picha zipo hapo nyumbani na watoto wanazipita kama vile wanapita ukuta. Na anaendesha gari kuwapeleka watoto huku na huku. Wallahi nawajua wanawake hao, hapa Pwani wamejaa, mume yuko Muscat au Jeddah na wewe umeachiwa nyumba na mama yake.

Sasa mwanangu wa Tabata umeuliza mbona hakuna kinachorekebishwa. Kimerekebishwa kimoja nacho ndicho kilichokuwa cha lazima. Yale mazungumzo ya karibu na mwisho baada ya mtoto kurudi, mama anamwambia ukweli kwamba kuna nyakati huwa anawaza maisha mengine ambayo angeishi. Ni mama wangapi wanathubutu kumwambia mtoto hivyo? Sisi tunawaambia watoto "nimejitoa kwa ajili yako" kama deni la kulipa. Yeye hakusema kama deni. Alimwambia kama mtu anamwambia mtu, na mtoto kwa mara ya kwanza akamuona. Binti yangu hapo alinyamaza, akaniuliza mimi nilitaka kuwa nani. Tukaongea mpaka saa sita usiku.

Joan Chen, aliyemuigiza huyo mama, anastahili kila sifa kwa hiyo sehemu. Wakubwa wenzangu mtamkumbuka kwenye The Last Emperor ya 1987, yeye ndiye alikuwa mke wa mfalme. Hapa hana taji wala nini, anakunja nguo na uso wake unasema kila kitu.

MtuWaMuvi_Tabata

Shangazi shikamoo, na asante. Kweli mimi nilimtazama mama kama sehemu ya nyumba tu, yaani kama dogo alivyomtazama.

Ila naomba nibishe kidogo kwa heshima. Hamuoni kwamba mama anafanya kazi yote hapo? Yeye ndo ametukanwa, yeye ndo anafungua moyo, dogo anapokea tu. Dogo alipaswa aseme samahani kwa mdomo wake.

fundi_kamera

Umri huo samahani haitoki mkuu. Na dogo hajui kuongea na mtu aliye mbele yake, kumbuka anayemueleza shida zake ni nani. SmarterChild! Ile roboti ya kuchati iliyokuwa ndani ya AIM. Usiku amekaa chumbani anaiandikia roboti kwamba hana marafiki, nayo inamjibu majibu yake ya kupangwa, na mama yuko chumba cha pili hapo. Mtoto aliyezoea kujieleza kwa mashine, siku mtu anapojieleza kwake ana kwa ana, kukaa na kusikiliza mpaka mwisho bila kukimbia ni hatua kubwa. Ndo samahani yake hiyo.

Msukuma_Halisi

Hapo fundi umenipata kabisa.

BintiNgamiani

Nimechelewa uzi ila naongezea kwa anayetaka kujua zaidi, maana nyuma ya hii muvi kuna stori tamu kuliko hata yenyewe.

Bibi mnayemuona humo, Chang Li Hua, ni bibi wa kweli wa Sean Wang, mzaa mama yake. Siyo mwigizaji wa kazi. Kabla ya Dìdi, Wang alitengeneza filamu fupi ya maisha halisi kuhusu bibi zake wawili wanaoishi pamoja, Nǎi Nai & Wài Pó, dakika kama 17 tu, na ikachaguliwa kugombea Oscar 2024 kwenye filamu fupi za maisha halisi. Itafuteni. Wale bibi wanacheza, wanalala kitanda kimoja, wanakumbuka miaka ya shida, wanaongelea kifo kama wanaongelea mboga. Ukishaiona ile ndo utaelewa kwa nini bibi wa kwenye Dìdi hajafanywa kichekesho wala shetani, anakosoa kwa sababu anapenda na hajui njia nyingine.

Dìdi yenyewe ilianzia tamasha la Sundance Januari 2024, ikachukua tuzo ya watazamaji na tuzo maalumu ya majaji kwa kundi la waigizaji. Afu 2025 kwenye Spirit Awards, ambazo ni tuzo za filamu za kujitegemea Marekani, ikabeba mbili, filamu bora ya kwanza na skripti bora ya kwanza. Stelingi Izaac Wang naye alikuwa bado mtoto kweli, ndo maana zile sura za aibu hazionekani za kufundishwa.

Kwa hoja ya samahani, linganisheni na Lady Bird ya Greta Gerwig. Ile ni Sacramento, California hiyohiyo, 2002 kwenda 2003, mtoto wa kike na mama yake wanachapana maneno ndani ya gari mpaka binti anafungua mlango anaruka. Kule binti inabidi aende New York ndo apige simu kumshukuru mama. Amepata umbali kwanza. Chris hana umbali, ana miaka 13, kesho asubuhi atakunywa chai meza moja na mama huyohuyo, bibi huyohuyo. Kwa hiyo mimi naona Wang amejipa kazi ngumu zaidi, na sitaki tumdai dogo maneno ambayo yule binti mkubwa aliyapata akiwa ameshaondoka.

Na Fahad nae, mkuu wa Tabata, wapo shule moja. Wana miaka minne mbele yao, muvi haikufunga huo mlango.

shangazi_wa_Kisauni

BintiNgamiani ahsante mama, hiyo ya mabibi nimeshaipata, Ijumaa baada ya isha naiweka na mama mkwe wangu. Nitamtafsiria mwenyewe.