Ukidai pesa yako ndio wewe mbaya?? Nimechoka na hawa watu

Wasee wacha niongee leo nikiwa na hasira. Kuna jamaa tumetoka mbali na yeye, akanikopa 18,000 ya rent, landilodi amepiga mlango kufuli, watoto wako nje, sauti imepoa mpaka nikamtumia pesa ya zamu yangu ya merigo (ile chama ya kuchangiana kwa zamu) hata kabla sijalala nayo. Akasema nitume kwa namba ya mama watoto juu laini yake iko na deni ya Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa, itameza yote. Hapo ndio mjue hawa watu deni wanalielewa vizuri sana!

Fuliza analipa apende asipende, pesa ikiingia tu inakatwa. Mkopo wa app analipa juu anaogopa CRB, kule wasiolipa mikopo huorodheshwa. Yangu haina riba, haina penalti, basi inakaa mwisho wa foleni. Yaani nimekuonea huruma ndio ukaniona fala?

Na si eti hana. Jumapili ako Kenyatta Market, stetasi ni nyama imekatwakatwa kwa ubao, kachumbari pembeni, soda za watoto zimepangwa, ameandika "Mungu ni mwema". Nikajipata nahesabu hiyo ni kilo ngapi. Nikamwandikia kwa upole tu, tiki za bluu, kimya, halafu akanifungia nisione stetasi zake tena.

Asiye nazo sina shida naye kabisa. Mama mboga wa hapa steji namdai 500, analeta mia leo, mia wiki ingine, siku hajauza ananiita mwenyewe, "mwanangu leo soko limelala, nivumilie". Huyo hata nikimwachia siumii. Huyu wa mshahara ndio wa kujificha!

Sasa kilichonifanya nifungue huu uzi. Nilimwambia naenda korti ya madai madogo pale Milimani, Nairobi, iko tangu 2021, inasikiza madai mpaka milioni moja, si lazima uwe na wakili na kesi inafaa kuisha kwa siku 60. Ghafla simu anashika! Si ya kulipa, ya kunitukana, eti pesa imenipanda kichwani, eti nauza urafiki. Halafu akampigia mamangu ushago akimlilia nataka kumfunga, na mathe naye ananipigia, "mwanangu si umwachie tu, huyo ni mtu wako". Yaani mimi ndio niombe msamaha!!

Na nyinyi wa "samehe tu bro", nitumieni hiyo 18,000 nisamehe leo leo.

Swali langu ni moja. Meseji ya M-Pesa ninayo lakini inaonyesha jina la bibi yake, si lake. Chati za WhatsApp akiniomba ziko zote, na ile ya kunipa hiyo namba pia. Mwenye amewahi kufungua kesi hapo Milimani aniambie, hiyo inatosha ama nimuunganishe na bibi yake kwa hayo madai?