Nina VVU, nimekutwa na homa ya ini B, na kaka amefariki kwa saratani ya ini. Naomba ushauri

Mkulima_Kondoa
Habari zenu wakuu. Nina miaka 41, natumia dawa za VVU tangu 2015 na kipimo cha wingi wa virusi kinatoka vizuri. Mwezi uliopita tumemzika kaka yangu, saratani ya ini. Wiki saba tu tangu tumbo lianze kujaa maji. Mwishoni shati halifungiki, mikono imebaki mifupa. Baada ya msiba nikaomba CTC, kliniki ninayochukulia dawa za VVU, wanipime, majibu yakaja: homa ya ini B, ninayo. Sasa kuna mzee wa dawa za asili anasema ARV ndizo zinazochoma ini, niache miezi mitatu ninywe yake. Chupa ameshanipa. Nina watoto watatu, sijui nimsikilize nani.

Dada_wa_Zamu
Pole sana kwa msiba. Nimefanya kazi CTC miaka 11, nakuomba kaka, hiyo chupa usiiguse. Soma kopo lako la dawa. Kama ni TLD, ndani yake kuna tenofovir na lamivudine, na zote mbili zinapambana na VVU na kirusi cha homa ya ini B kwa pamoja. Ukiziacha, kirusi cha ini kinaweza kulipuka na ini likashindwa kazi ndani ya muda mfupi. Na siku wakitaka kukubadilishia dawa, kumbusha kwamba una homa ya ini B. Omba iandikwe kwenye kadi.

Bonde_Tulivu
Samahani dada, sasa kama TLD inatibu vyote viwili, saratani inatoka wapi tena?

Dada_wa_Zamu
Inakifubaza kirusi, haikiondoi. Hatari inashuka sana lakini haiishi, na homa ya ini B inaweza kuleta saratani hata kabla ini halijasinyaa. Wenye VVU ini lao huharibika haraka zaidi, na yeye ana ndugu wa damu aliyekufa nayo. Kwa hiyo aombe ultrasaundi ya ini na kipimo cha damu cha AFP, kinachosaidia kugundua saratani ya ini, kila miezi 6. Asisubiri maumivu, ini haliumi mapema. Pombe aiache kabisa. Wengi wa umri wetu wenye kirusi hiki waliambukizwa utotoni. Chanjo yake kwa watoto wachanga nchini ilianza 2002, sisi ilitupita. Na wewe Mkulima, ndugu zako wengine wapime, na mama watoto pia.

Mzee_wa_Ghala
Mdogo wangu wa Kondoa, niongeze moja. 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, sumu ya ukungu wa mahindi na karanga, huko kwenu, Chemba na Kiteto. Sumu hiyo ikikutana na homa ya ini B, hatari ya saratani inapanda mara nyingi. Mahindi yaanike juu ya turubai, si chini kwenye udongo. Karanga yenye ukungu tupa, usimpe hata kuku. Kuisaga au kuikaanga hakuiondoi sumu.

Mkulima_Kondoa
Asanteni sana. Kopo limeandikwa TLD, jana usiku nimemeza kama kawaida. Leo nimepewa rufaa ya ultrasaundi, nakwenda Dodoma Jumanne. Mke wangu amepima, hana; amechomwa sindano ya kwanza ya chanjo, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Dada yangu mkubwa bado anakataa kupima. Kesho nakwenda kumchukua mwenyewe kwa bodaboda. Chupa ya mzee nimemwaga shimoni.