Naomba ushauri: kutoka hisabati kwenda sayansi ya kompyuta

Wakuu, habari za majukumu. Mdogo wangu anamaliza shahada ya hisabati hapa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) na anataka kusoma umahiri wa sayansi ya kompyuta. Ndoto yake ni kufundisha chuo kikuu. Mzee wetu, yuko Kondoa, anaona ni kupoteza miaka. Mimi namuunga mkono dogo kabisa. Donald Knuth, mwanasayansi maarufu wa kompyuta wa Marekani, alipata udaktari wa hisabati chuo cha Caltech mwaka 1963, na mwaka 1968 akawa profesa wa sayansi ya kompyuta Chuo Kikuu cha Stanford. Uchambuzi wake wa algoriti, yaani hatua ambazo kompyuta hufuata kutatua tatizo, umejaa hisabati. Mantiki, grafu, uwezekano, dogo anavimudu vizuri. Kuandika programu ndiko hajakuzoea. Mliopita njia hii, aanze na lugha gani? Na mzee tumweleweshe vipi?